Muhtasari wa Bi Vifungo

Mpaka siku aliyostaafu, Karani wetu alisimama kila mkubwa alipoingia mkutanoni. Hata mikutano ilipohamia kwenye kompyuta, hata alipokuwa peke yake nyumbani kwake na hakuna ambaye angejua kama amekaa au amelala, jina la Meneja likitokea tu kwenye kioo ungesikia kiti kikisukumwa nyuma. Uso wake ungepanda na kutoweka, na mahali pake pangebaki blauzi yenye vifungo vitano vyeupe, vyote vimefungwa. Angesalimu akiwa amesimama, angesubiri aitikiwe, ndipo uso ungeshuka tena, kidevu kwanza, miwani mwisho.

Nilishamwambia. "Dada, si lazima usimame. Wanaona tumbo tu."

"Basi na wasalimiane na tumbo," alinijibu.

Hivyo ndivyo alivyopata jina la Bi Vifungo. Mbele yake tulimwita Mama Karani. Mimi nilimwita dada, kwa sababu yeye ndiye aliyenipokea nilipofika pale kiwandani na cheti changu cha chuo mkononi, najua sarufi yote na sijui karatasi inaingia mtamboni kwa upande gani. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa msahihishaji, mtu wa kusoma kazi kabla haijapigwa chapa. Siku ya kwanza alinikabidhi rula ya chuma. "Mdogo wangu, weka hii chini ya mstari unaosoma. Kichwa chako kimesoma vitabu vingi mno, kitajijazia kisichokuwepo." Rula ile ninayo bado. Imeandikwa herufi za kwanza za jina lake kwa msumari, na siku hizi naigeuza ili upande huo uangalie meza.

Kiwanda chetu kilichapa vitu ambavyo hakuna anayevisoma kwa kupenda: fomu, vitabu vya stakabadhi, rejista za shule. Mwanzilishi wake alikuwa ameshafariki, na mjane wake, ambaye sote tulimwita Mama Mkurugenzi, alibaki na kiti na funguo. Aliyeendesha mambo ya kila siku alikuwa Meneja. Lakini utaratibu mmoja wa marehemu haukuguswa na mtu. Kila Jumanne saa nne asubuhi palikuwa na mkutano, na mkutano haukuanza mpaka Karani asome muhtasari wa mkutano uliopita, neno kwa neno, kwa sauti. Akimaliza, aliuliza kama kuna marekebisho. Kama hayapo, wajumbe walinyoosha mikono, na hapo muhtasari ulikuwa umethibitishwa. Ukishathibitishwa, aliyenyoosha mkono hakuruhusiwa kuukana. Kila robo ya mwaka Karani alijalidi mihtasari yote na kumpelekea Mama Mkurugenzi nyumbani kwake.

Zamani, tulipokutana ukumbini ghorofani, kusomewa muhtasari kulikuwa kazi. Harufu ya wino ilipanda kutoka chini, feni ilizunguka, na Karani alipofika kwenye sentensi yenye cheo chako alinyanyua macho juu ya miwani akakutazama. Huna pa kukimbilia. Kama Jumanne iliyopita ulitoa ahadi, ulikaa pale ukaisikia ahadi yako ikikurudia mbele ya watu.

Kisha mvua iliharibu dari ya ghorofa. Sisi ambao hatukufanya kazi na mitambo tulirudishwa nyumbani tukafanyie huko, na mikutano ikawa ya mtandaoni. Dari ilitengenezwa, lakini Meneja alikuwa ameshanogewa. Hatukurudi.

Nimefikiria sana ni nini kilitupata kule kwenye kioo, maana hatukuwa watu wabaya, au angalau hatukuwa tunajijua. Ukumbini, mtu akiaibishwa unaona shingo yake, unaona mkono wake ukitafuta leso chini ya meza, na mwili wako wenyewe unakukataza kucheka. Kwenye kompyuta mtu huyo huyo ni kisanduku kidogo kama kiberiti. Wajumbe kumi na wawili, visanduku kumi na viwili, na vingi vyake vyeusi. Kulikuwa na aliyeweka picha yake ya siku ya harusi, akahudhuria mwaka mzima akiwa na suti. Kulikuwa na aliyekuwa akichemsha maji ya kuoga watoto. Na kulikuwa na Afisa Masoko, tuliyemwita Kidole, kwa sababu hakuwahi kusema neno. Jibu lake kwa kila jambo lilikuwa ile alama ya dole gumba. Mara nyingine dole lilitokea swali halijaisha kuulizwa.

Kidole ndiye aliyeanzisha kundi la pembeni kwenye simu. Aliliita Chumba cha Nyuma. Mkutano ukiendelea huku, simu zetu zilitetemeka kule: nani amesinzia, nani amesahau kuchana nywele, nani kajibana vifungo leo. Tulikuwa kumi na mmoja mle, wajumbe wote isipokuwa yeye. Meneja naye alikuwemo. Hakuandika chochote. Alituma nyuso za kucheka tu, na kila mmoja wetu alihesabu amepata ngapi.

Mimi nilikuwa na ngapi? Nyingi. Mzaha wa tumbo na salamu niliupeleka mimi kule, nikauandika vizuri, na ulichekwa sana.

Yaliyotokea yalianza na rejista za shule. Tulikuwa na oda ya rejista elfu sita za mahudhurio ya wiki, na Jumanne moja sampuli ililetwa mkutanoni, ajenda ya nne. Niliweka rula juu ya kioo cha kompyuta nikasoma vichwa vya safu. Jumatatu. Jumanne. Jumatano. Ijumaa.

Nikafungua maiki. "Samahani, Meneja. Safu ya Alhamisi haipo."

"Tumeiona hiyo. Endeleeni."

"Meneja, sizungumzii upana wa safu. Alhamisi yenyewe haipo."

"Msahihishaji, nimesema endeleeni. Mtambo unasubiri."

Kamera yake ilikuwa imezimwa, na nyuma ya sauti yake palikuwa na mlio wa mashine ya kunyolea, zzz, zzz, ukipanda na kushuka kuzunguka sikio. Chumba cha Nyuma kililipuka. Kidole aliandika: "Bosi anapunguzwa kichwa, ajenda zisubiri." Wote kumi na mmoja tulijua Meneja yuko kwa kinyozi. Sote tulicheka. Kesho yake rejista zilipigwa chapa.

Jumanne iliyofuata Karani alisoma muhtasari, Alhamisi ikiwamo, na hakuna aliyesikiliza. Baada ya majuma matatu walimu wakuu walianza kupiga simu. Mmoja wao nilimpokea mimi. "Nauliza tu," alisema kwa upole kabisa, "siku ya Alhamisi watoto wangu mnataka waende wapi?"

Mama Mkurugenzi aliagiza apewe maelezo. Basi Jumanne hiyo Meneja aliingia mkutanoni amevaa tai na kamera imewashwa. Kiti kilisukumwa, uso ukapanda, vifungo vikasalimu.

"Kaa, Mama Karani, leo tuna jambo zito," alisema. "Rejista zimerudi. Mimi kama Meneja sikuarifiwa. Kama kulikuwa na kasoro, Karani alipaswa kunifikishia kwa maandishi."

"Uliarifiwa, bwana Meneja. Ajenda ya nne. Niliisoma Jumanne iliyofuata, ikathibitishwa."

"Imo kwenye faili, nimeiona. Lakini faili liko wazi, mtu yeyote anaweza kuingia akachomeka mstari baada ya mambo kuharibika. Nawauliza wajumbe. Kuna anayekumbuka kusikia mstari huo ukisomwa?"

Hakuna aliyekumbuka, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Mtu mmoja alikohoa, akagundua maiki yake iko wazi, akaizima.

"Msahihishaji," Meneja akaniita. "Wewe ulisema neno lolote kuhusu Alhamisi?"

Simu yangu ilitetemeka. Alikuwa Kidole, si kundini, kwangu peke yangu. *Dada, mkataba wako unaisha mwezi wa sita. Nakukumbusha tu kwa upendo.*

Nilifungua maiki. Nakumbuka kidole changu kilivyobonyeza, nakumbuka nilivyojiona mwenyewe kwenye kile kisanduku changu, mwanamke wa miaka arobaini na tatu mwenye kitambaa kizuri kichwani. "Sikumbuki vizuri," nilisema.

"Karani, una la kusema?"

Alisimama. Bila shaka alisimama. Alikuwa anajibu mkubwa. Tulibaki na vifungo vitano na sauti iliyotoka juu yake, ikieleza taratibu tarehe, saa na ukurasa wa daftari lake la mkono. Ilikuwa sauti ya mtu anayejitahidi isipasuke, na blauzi ilikuwa ikipanda na kushuka. Chumba cha Nyuma kilikuwa hakishikiki. "Vinatetemeka hivyo," aliandika mmoja. "Cha juu kitatutoboa macho." Nami, Mungu anajua, niliweka uso wa kucheka. Sijui kwa nini. Wote walikuwa wameweka.

Hapo ndipo Kidole alipokosea pa kuandikia. Ujumbe wake haukwenda kundini. Ulitokea kwenye sehemu ya maoni ya mkutano, mbele ya kila mtu.

Karani alikaa. Kusoma maoni ya wajumbe kwa sauti ilikuwa sehemu ya kazi yake, na hakuwa mtu wa kuruka kazi. Alisukuma miwani juu ya pua. "Maoni kutoka kwa Afisa Masoko," alisoma, kwa sauti ile ile anayosomea ajenda. "Kifungo cha tatu kinataka kulia."



"Naomba mwongozo, bwana Meneja. Hili niliingize kwenye muhtasari?"

"Achana nalo, achana nalo. Tuendelee."

"Nimesikia," alisema.

Siku tatu baadaye alipewa barua ya uzembe kazini. Angeondoka mwisho wa robo ya mwaka, baada ya miaka ishirini na saba, ikiwa imebaki miwili tu astaafu kwa heshima. Alinipigia simu alasiri hiyo hiyo.

"Mdogo wangu, ile habari ya Alhamisi ulisema mara ngapi?"



"Mara mbili," alijijibu. "Nimeandika mara mbili. Nilitaka kujua kama masikio yangu yamezeeka." Akakata. Hakuniita mdogo wangu tena tangu siku hiyo.

Robo ya mwaka ina Jumanne kumi na tatu, na zilikuwa zimebaki tisa. Kila Jumanne aliingia wa kwanza, akasimama alipopaswa kusimama, akasoma muhtasari. Nasi tulifanya tulivyozoea: tulizima maiki, tukaenda kuanua nguo, tukamjibu mteja, tukarudi tulipokisia ameshafika mwisho. "Kuna marekebisho?" Hakuna. "Wanaothibitisha?" Vidole gumba kumi na kimoja vilichipuka kwenye kioo kama uyoga.

Jumanne ya nne katika hizo tisa, maji yalikuwa yamekatika na sikuwa na cha kwenda kufanya. Nilibaki mbele ya kompyuta, na kwa mara ya kwanza tangu tuhamie kule, nilimsikiliza.

"Ajenda ya kwanza," alikuwa akisoma. "Ilijadiliwa na wajumbe wawili. Wajumbe wanane walikuwepo kwa picha. Saa nne na dakika kumi na mbili Meneja alizima kamera. Ilisikika sauti ya muuza viatu, na Meneja akiuliza kama ipo namba arobaini na tatu. Ajenda ya pili. Afisa Masoko aliithibitisha kabla haijasomwa. Karani aliuliza anathibitisha nini. Afisa Masoko alithibitisha swali."

Sauti haikuwa na chumvi wala pilipili. Angeweza kuwa anasoma bei za karatasi.

"Yatokanayo na mikutano iliyopita. Suala la safu ya Alhamisi. Msahihishaji alimwarifu Meneja mara mbili kwamba safu haipo. Meneja, akiwa kwa kinyozi, alisema endeleeni. Wajumbe wote waliokuwepo walisikia. Mkutano ulipouliza, wajumbe walinyamaza. Msahihishaji aliulizwa akasema hakumbuki. Karani alipojitetea, Afisa Masoko aliandika kwamba kifungo cha tatu cha blauzi yake kinataka kulia. Wajumbe waliokuwa wamewasha kamera walikuwa wakitazama simu zao na kucheka. Vioo vya miwani yao vilionyesha." Akafungua ukurasa. "Mwisho wa muhtasari. Kuna marekebisho?"

Nilitazama visanduku. Suti ya harusi, kisanduku cheusi, kisanduku cheusi, Meneja akitafuna kitu huku akisoma simu. Nikaelewa kwamba amekuwa akiwasomea haya kila wiki. Hakuwa amewaficha. Aliwasomea usoni, polepole, kila neno, na kila wiki aliwauliza kama kuna marekebisho. Faili ambalo mtu yeyote angeweza kulichomekea mstari, safari hii walikuwa wakilipiga muhuri wenyewe.

Ningeweza kufungua maiki. Sentensi moja ingetosha kuwaokoa wote, pamoja na mimi. Nilisubiri nione kama nitafanya hivyo.

"Wanaothibitisha?"

Vidole kumi vilichipuka. Cha kumi na moja kilikuwa changu, na nilikibonyeza nikijua ninachothibitisha. Niseme kweli: sikubonyeza kwa toba. Nilibonyeza kwa sababu nilimkumbuka Meneja akisema tumeiona hiyo, na Kidole na upendo wake, na nilitaka kuona wakianguka, hata kama mimi nimefungwa kamba moja nao.

Nilimpigia baadaye. "Nimesikia leo," nilimwambia.

"Ulikuwa na marekebisho, Msahihishaji?"

"Hapana, dada. Yote ni kweli."

"Basi umethibitisha. Asante kwa simu."

Sikumwambia mtu. Kwa majuma matano nilisikiliza kila neno, na nakiri zilikuwa saa tamu kuliko zote nilizokaa kwenye mikutano ya kile kiwanda. Meneja alibonyeza kuidhinisha habari ya mwanawe aliyesikika akisema baba anadanganya yuko ofisini. Kidole alithibitisha kwamba Kidole hajatamka neno kwa miezi minane. Nilikuwa nikiwaangalia wakichimba, kila mmoja kwa dole lake, nami nacheka peke yangu jikoni, kicheko ambacho safari hii sikukituma popote.

Mkutano wa mwisho wa robo ulikuwa na ajenda mbili tu: kumuaga Karani, na Mama Mkurugenzi kumthibitisha Meneja kuwa Mkurugenzi Mtendaji, kwa kuwa yeye mwenyewe amechoka. Wote tuliwasha kamera. Hata bwana wa suti ya harusi alionekana kwa mara ya kwanza, amenenepa.

Jina la Mama Mkurugenzi lilitokea, na kioo kikajaa paji la uso na ukingo wa mtandio. Kiti cha Karani kilisukumwa. Vifungo vitano vikasimama.

"Shikamoo, Mama Mkurugenzi."

"Marahaba, Mama Karani." Na sisi tukashuhudia lile paji la uso likianza kupanda, kwa tabu, kwa mkono uliotafuta mkono wa kiti, mpaka kisanduku chake nacho kikabaki na kitambaa cha gauni tu. Ajuza yule alikuwa amesimama kumwitikia. Walikaa hivyo, tumbo kwa tumbo, sekunde kadhaa. Simu yangu haikutetemeka.

Walipokaa, Mama Mkurugenzi aliinua mbele ya kamera jalada nene la kijani. Rula ilikuwa imechomekwa katikati.

"Nimeletewa hii Ijumaa," alisema. "Nimesoma kwa siku nne. Marehemu alisema muhtasari uliothibitishwa ni neno la mkutano wote. Nataka kumuuliza kila mmoja swali moja tu. Meneja, nianze na wewe. Mihtasari hii ilithibitishwa?"

"Ndiyo, Mama," alisema Meneja, akitabasamu. "Yote, bila marekebisho. Sisi tuko makini sana na utaratibu."

"Sawa. Nakusomea basi ulichothibitisha." Akaweka rula. Akasoma ya kinyozi. Akasoma ya Alhamisi, akairudia kila ilipotokea kwenye jalada, kwa maana kila Jumanne ilikuwa imethibitishwa. Akasoma ya viatu namba arobaini na tatu.

Nilimwona Meneja akiufungua mdomo. Kama angesema si kweli, angekuwa anasema anaidhinisha asichosikiliza. Kama angesema ni kweli, basi ni kweli. Visanduku vilianza kuzimika, kimoja, viwili.

"Washeni," alisema Mama Mkurugenzi, wala hakupaza sauti. Vikawaka.

Na Meneja akaganda. Mdomo wazi, jicho moja nusu, mkono hewani, kama mtu ambaye mtandao umemkatikia. Alikaa hivyo hivyo. Lazima nikiri alijitahidi, hakupepesa.

"Meneja?" aliita Mama Mkurugenzi. "Meneja, unanisikia?"

Ikasikika sauti ya Karani, tambarare, ya kazini. "Iingie kwenye muhtasari. Saa tano na dakika nane, Meneja aliganda. Pazia lililo nyuma yake linaendelea kupepea."

Hakuna aliyecheka. Ila Meneja alipepesa.

Hakuwa Mkurugenzi Mtendaji. Hakubaki hata kuwa Meneja. Alipelekwa stoo ya karatasi, ambako kuna dawati moja na hakuna mtandao, akakaa miezi miwili akaacha mwenyewe. Barua ya uzembe ilifutwa, na Karani akaombwa amalizie miaka yake miwili. Alikubali kwa masharti mawili, nayo yalikuwa haya: mikutano irudi ukumbini, na rejista zote zilizorudi zichorwe safu ya Alhamisi kwa mkono, na wale walioithibitisha.

Basi tulirudi ghorofani. Meza ndefu, dari mpya, harufu ya wino, marundo ya rejista mpaka madirishani. Kila siku tangu saa nane mchana mpaka saa kumi na moja tulipiga mistari kwa rula na kalamu nyeusi, tukaandika Alhamisi, tukafungua ukurasa mwingine. Kidole alipata malengelenge kwenye lile dole lake. Siku ya tatu aliongea, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza nasikia sauti yake ikiwa nzima. Ni sauti nyembamba, ya kupendeza.

"Mama Karani, nisamehe mwanao. Ulikuwa utani tu."

Alisimama mbele yake na ubao wa mahudhurio kifuani, vifungo vyote vimefungwa. "Utani upi? Nisomee."

"Ule wa... ule wa kifungo."

"Usome kama ulivyouandika. Kwa sauti, wenzako wako mbali."

Akausoma. Ukumbi mzima kalamu zilisimama. Karani alisikiliza mpaka mwisho, akaangalia ukurasa wake. "Mstari wako umepinda," alimwambia. "Rudia huo na yote iliyo chini yake."

Yalikuwa majuma saba. Kila siku saa nane alipita kati ya meza akiita mahudhurio, cheo kwa cheo, nasi tunaitika. Alipofika kwangu aliita kama alivyowaita wengine. "Msahihishaji?" "Nipo." Kalamu ilitembea, akapita. Sikulalamika. Nilijiambia ni haki yangu kuchora, na kwamba mikono ikiuma vya kutosha, siku moja ataniita mdogo wangu. Nilichora vizuri kuliko wote, kwa rula yake ile yenye herufi za msumari, na nilihakikisha akipita anaiona.

Miaka miwili ilikwenda. Siku aliyostaafu alisoma muhtasari wake wa mwisho, tukanyoosha mikono ya kweli, akafunga daftari. Wakati wengine wanamzunguka kumuaga, niliona ubao wa mahudhurio ya majuma yale saba umewekwa juu ya vitu vyake, nikauchukua nimsaidie kubeba. Sikuwa na nia ya kusoma. Lakini jicho langu ndiyo kazi yake.

Meneja wa zamani, yupo. Afisa Masoko, yupo. Wote walikuwepo, kila siku, kwa mwandiko wake uliosimama wima. Na kwenye mstari wangu, siku zote thelathini na tano, aliandika: Hayupo. Hayupo. Hayupo.

Nilimfuata kwenye ngazi. Alikuwa ameshika chuma cha ngazi kwa mkono mmoja na mkoba kwa mwingine, anashuka polepole, kwa maana magoti yalikuwa yameanza kumsumbua.

"Dada," nilimwita. Akasimama bila kugeuka. "Dada, kila siku uliniita nikaitika. Nilichora rejista nyingi kuliko mtu yeyote. Mbona umeandika sipo?"

Akageuka, akanitazama juu ya miwani, kama zamani alivyomtazama mtu alipofika kwenye sentensi yenye cheo chake. Sikuona hasira. Alikuwa anasubiri tu, kama anayesubiri marekebisho.

"Kwani ulikuwepo?" aliniuliza.